Mgawa Maji Asiye na Ukoo

Mwezi uliopita tulimzika Mama Haika kwenye kihamba cha baba yake, lile shamba la urithi linalozunguka nyumba, juu mlimani, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Kaburi lake liko peke yake. Wachagga huzikana nyumbani, mume na mke ubavu kwa ubavu, na kila aliyesogea kutupa udongo aliiona ile nafasi iliyobaki upande wa kulia. Baada ya chakula, wageni walipoanza kuteremka, nilibaki jikoni na Haika, binti yake, ambaye siku hizi naye ana mvi na miwani, tukisuuza sufuria. Mimi nimestaafu mwaka huu. Kwenye hafla ya kuniaga chuoni walisema nimeandika zaidi kuhusu uraia na kufukuzwa kwa watu nchini kuliko mtu yeyote waliyemjua, nami nikatabasamu kama mstaafu anavyotakiwa kutabasamu. Haika hakuwepo kwenye hafla hiyo. Aliinamia sufuria yake akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote, “Anti, hivi hayo unayoandika yamewahi kumrudisha mtu?” Nikamwambia hapana. Akasema “Haya,” akaendelea kusuuza. Katika maisha yangu nimeulizwa maswali na maprofesa wenye sauti nene, na mengi niliyajibu kwa kiburi tu. Hili la Haika sikuwa na kiburi cha kulijibia, na ndilo lililonikalisha kuandika sura hii.

Habari yenyewe ilianza mwaka ambao nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nikisubiri chuo kikuu. Shule moja ya sekondari ya wazazi, iliyokuwa imefunguliwa juzijuzi kwenye miteremko ile, ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha Uraia. Somo lenyewe lilikuwa bado jipya. Lilikuwa limechukua nafasi ya Siasa baada ya nchi kuingia vyama vingi, na walimu wazee walilikwepa kwa sababu hawakujua tena kipi kinasemeka na kipi hakisemeki. Mimi nilitoka Songea, sikujua neno hata moja la Kichagga, na nilikuwa na ule ujasiri wa mtu asiyejua kitu. Mkuu wa shule alinipeleka kwa Baba Haika na Mama Haika, ambao binti yao huyo alikuwa ameondoka kwenda kusomea uuguzi, nikapewa chumba kilichokuwa zamani stoo ya kahawa. Kahawa yenyewe haikuwepo, lakini harufu yake ilikuwa imeingia kwenye mbao na haikutaka kutoka; nguo zangu, vitabu vyangu, hata mkate niliouficha chini ya kitanda, vyote vilinuka magunia. Dirisha dogo lilitazama zizi. Asubuhi baridi ilipenya kwenye nyufa, na Mama Haika alikuja na kikombe cha maziwa ya moto akanisimamia mpaka nimalize. “Kunywa, mwanangu,” alikuwa akisema. “Mlima huu hauna huruma na watu wembamba.” Siku za kazi tulikula kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikashikana, na Jumapili baada ya ibada tulikunywa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Mpaka leo, nikihojiwa kuhusu chimbuko la utafiti wangu, husema habari za nadharia na vitabu nilivyosoma chuoni, na moyoni nakumbuka mtori.

Ukuta uliotenganisha chumba changu na chao ulikuwa wa mbao tupu, kwa hiyo niliwasikia. Walizungumza Kichagga, na ingawa sikuelewa maneno, nilijua kwamba cha Baba Haika kilikuwa na mwendo tofauti. Alikuwa akianza sentensi, mkewe anaimalizia huku anacheka. Siku moja nilimuuliza Mama Haika kwa nini anamcheka mzee wa watu. Alijibu kwa sauti ya kutosha ili mumewe, aliyekuwa anakatakata magome ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe, asikie vizuri. “Huyu si wa huku. Huyu nilimwokota tambarare.” Baba Haika hakuinua kichwa. “Aliniokota kweli,” alisema. “Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa jembe, siku ya nne nikapewa mke, na tangu hapo sijapumzika.” Jina lake lilikuwa Yonathani Kioko. Baba yake alikuwa Mkamba aliyekuja kwa miguu kutoka Ukambani, Kenya, enzi za Waingereza, kufanya kazi kwenye shamba kubwa la kahawa chini ya mji wa Moshi. Kioko alizaliwa pale kambini, akakulia pale, akawazika wazazi wake pale. Alipokuwa kijana alipanda mlimani kuchuma kahawa ya mzee mmoja aliyekuwa na mabinti watupu. Mmoja wa mabinti hao ndiye alikuja kuwa Mama Haika, na mkwe alipofariki, kihamba kilibaki mikononi mwao.

Kazi yake iliyojulikana zaidi ilikuwa kugawa maji. Pale mlimani kuna mifereji ya kale inayotoa maji mtoni, juu kabisa msituni, na kuyazungusha kwenye kingo za miteremko mpaka yafike kwenye migomba. Wenyewe huiita mifongo. Mfongo wetu ulinywesha koo tatu, na kila ukoo uliamini kwamba hizo mbili nyingine zinaiba. Nilielezwa habari hiyo na Mzee Ndesario, mwenyekiti wa mfongo, mzee wa kanisa mwenye koti moja la kijivu la misimu yote. Alisema kabla ya Baba Haika watu walikatana mapanga kwa ajili ya maji, na ndugu walikaa miaka bila kusalimiana. Kila mgawaji aliyechaguliwa alitoka kwenye mojawapo ya zile koo, basi hata akigawa kwa haki, nani angemwamini? “Mpaka tukaona,” alisema Mzee Ndesario, “tumchukue huyu. Huyu hana shangazi wa kumnong'oneza.” Tangu hapo, kila alfajiri Baba Haika alikwenda kuzibua na kuziba vijia vya maji kwa udongo na magome ya mgomba, leo huku, kesho kule, na watu wakalala usingizi. Nilipoanza kumfuata asubuhi kabla ya vipindi, kwa udadisi tu, niliona wanawake wakimsubiri kwenye zamu zao na kumwambia “Aika, mbe,” yaani asante, mzee, naye anaitikia kwa kukohoa.

Mwaka ule kahawa ilikuwa imewachosha watu. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, wakija na mizani zao na maneno matamu, bei inapanda leo na kuanguka kesho, na wengi waliiacha mibuni ijiotee, wakageukia nyanya za kuuza mjini. Nyanya zinataka maji wakati wa kiangazi, na zinayataka sasa hivi. Elia, mzaliwa wa pale pale aliyekuwa akiishi Soweto, huko mjini, na kumiliki pikapu, alikodi mashamba ya watu waliochoka akayapanda nyanya yote. Jioni moja alikuja tukiwa tunakula. “Shikamoo, Baba Haika.” “Marahaba, Elia. Kaa tule.” Elia alisema hakai, nyanya zinamfia, anaomba maji ya kesho. Baba Haika akamkumbusha kwamba zamu yake ni Alhamisi na kesho ni ya mjane wa Aminieli. “Nenda kamwombe. Akikuachia, mimi nitafungua.” Elia alicheka bila furaha. “Mimi nikamwombe mjane maji ya babu yangu? Mfongo huu alichimba babu yangu, mzee. Wako alichimba wapi?” Baba Haika alimeza tonge lake kwanza. “Wangu hakuchimba. Ndiyo maana nilipewa kazi hii.” Mama Haika alicheka mpaka akapaliwa, na Elia akaondoka. Sina ushahidi kwamba ni yeye aliyekwenda kumchongea Baba Haika. Nimewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi wasiandike wasichoweza kuthibitisha, na sitaanza tabia mbaya uzeeni. Ninachojua ni kwamba nyanya zile zilikauka, na kwamba haikupita muda wakaja watu wawili wa uhamiaji.

Walikuja mchana, siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo kabla ya mvua. Wanaume walikuwa ndani ya mfereji na majembe, wanawake wanateremsha vyakula, mimi nimeleta wanafunzi wa kidato cha pili waone maana ya kujitolea, kama mtaala ulivyotaka. Wale wawili walikuwa na mashati yaliyopigwa pasi na viatu visivyofaa tope. Mmoja aliuliza nani anaitwa Yonathani Kioko. Baba Haika akainua mkono. “Kabila lako, mzee?” “Mkamba.” Alilisema wazi, maana pale mlimani hakuna asiyelijua na halikuwa jambo la kufichwa. Watu wengine walicheka, wakidhani ni mambo ya uchaguzi. Akaambiwa wanaomba waende naye mjini kwa mazungumzo. Alinawa mikono na miguu kwenye maji aliyokuwa anayagawa, akavaa kandambili, akampa Mzee Ndesario jembe lake. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, “Mwalimu, mzee amefanya nini?” Nikamwambia hajafanya kitu, na hilo lilikuwa jibu sahihi kuliko yote niliyoyatoa darasani mwaka ule.

Alirudi jioni akatusimulia wakati wa chakula. Walimuuliza kama mzazi wake mmoja alizaliwa nchini. Akasema wote wawili walizaliwa Ukambani. Wakamuuliza kama alijiandikisha kuwa raia baada ya uhuru. “Nikawauliza, kujiandikisha wapi? Siku ya uhuru tulikuwa kambini, tulichinja mbuzi, tukacheza. Hakuna aliyetuambia ngoma hiyo ina watu wake.” Aliwaonyesha kadi yake ya chama cha enzi za chama kimoja, wakamwambia kadi ya chama si uraia. Aliwaambia amepiga kura chaguzi zote, wakamwambia hilo lingeweza kuwa kosa la pili. Mwisho wakampa nafasi: kama wazazi wake kweli waliishi na kufia hapa, aonyeshe makaburi, na kama jamii inamtambua, alete wazee waseme. Mama Haika aliweka kijiko chini. “Wazee tunao,” alisema, “na makaburi yapo.” Usingizi wao niliusikia kupitia ule ukuta, yaani niliusikia ulivyokataa kuja.

Jumamosi tuliteremka wote watatu, tukapita Rau, tukaenda kwenye lile shamba kubwa. Lilikuwa limekodishwa kwa mwekezaji mpya, na kambi ya wafanyakazi ilikuwa imebomolewa. Mlinzi getini alikuwa kijana mwenye adabu, na alitusikiliza mpaka mwisho. “Makaburi?” alisema. “Mzee wangu, hapa ni maharage tu.” Alituruhusu tuingie tujionee. Baba Haika alitembea katikati ya mistari ya maharage, akasimama, akageuka, akarudi nyuma, akasimama tena. Alisema palikuwa na mringaringa mkubwa, baba upande huu, mama upande ule. Hata kisiki hakikuwepo. Trekta lilikuwa limepita. Alivua kofia akabaki ameishika, na sisi tukasimama pamoja naye juani kwa sababu hatukujua la kufanya. Kisha akasema “Twende,” akavaa kofia yake. Baadaye, nikiwa msomi, niliandika sura nzima juu ya jinsi ardhi inavyohifadhi na kupoteza ushahidi. Watu waliisifu sana, na mimi kila nilipoisoma hadharani nililiona shamba lile la maharage, nikatamani kunyamaza.

Walibaki wazee. Kikao kilifanyika barazani kwetu, penye mtungi wa mbege, ile pombe ya ndizi, na mimi nilijifanya nasahihisha madaftari chumbani. Walizungumza Kiswahili kwa sehemu kubwa, kwa heshima ya Baba Haika, nadhani, au labda ili kujizoesha kwa ajili ya ofisi. Mmoja alipendekeza waseme tu kwamba Kioko ni mtoto wa ukoo wao, alizaliwa nje ya ndoa, nani atapinga. Mzee Ndesario alikataa. “Niape uongo mimi, mzee wa kanisa? Na kwa mtu ambaye kazi yake ni haki? Hapana. Tutasema ukweli wake. Ukweli wake unatosha.” Wengine wakaunga mkono. Baba Haika mwenyewe alisema hataki kuombewa kwa uongo. Nilifurahi kule chumbani. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba kesi nzuri hushinda kwa sababu ni nzuri.

Ofisini kwa uhamiaji, mjini, kulikuwa na benchi moja refu, tukabanana na wazee. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa mlimani pia, upande mwingine, na aliwaamkia wazee shikamoo kabla hajakaa. Sikumchukia siku ile na simchukii leo. Akamwomba Mzee Ndesario aeleze jinsi jamii inavyomfahamu huyu Yonathani. Mzee alisimama, akafunga vifungo vya koti lake. “Kijana wangu,” alisema, “sisi pale tuna koo tatu, na hazijawahi kuaminiana kwa maji. Ukimpa wa ukoo huu, wale watasema anaiba. Ukimpa wa ule, hawa watasema. Huyu tulimchagua kwa sababu hana ukoo kwetu. Hana babu aliyechimba, hana shamba la urithi, hana upande. Tukamkabidhi maji yetu, kitu ambacho hatujamkabidhi hata mtoto wetu wa kuzaa. Sasa mtu wa namna hiyo, wewe utamwondoaje?” Alitutazama, akijua amesema vizuri, na kwa kweli sijasikia mtu akisifiwa vizuri kuliko hivyo.

Afisa aliuliza. “Kwa hiyo, mzee, hana ukoo pale.” “Hana.” “Wala ndugu wa damu.” “Hata mmoja,” alisema Mzee Ndesario, na sauti yake ilipanda, maana kwake kila jibu lilikuwa sifa nyingine. “Na anapokaa?” “Kwenye kihamba cha mkwewe. Hajawahi kudai hata hatua moja iwe yake.” Nilimwona Baba Haika akiitazama mikono yake. Alikuwa ameshaelewa. Mama Haika alimvuta mzee koti, akamwambia jambo kwa Kichagga, haraka na kwa chini, na Mzee Ndesario akageuka akimshangaa, kwa sababu hakuona alipokosea. Pale kwao, mtu asiye na ukoo aliyeaminiwa maji alikuwa amepita kiwango cha kuaminiwa. Mle ofisini, jamii yake mwenyewe ilikuwa imekuja kushuhudia kwamba yeye si mtu wao. Nilisimama nikaanza kusema, sikumbuki nini, labda maneno ya kitabu cha kidato cha pili. Afisa aliniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi. Nikamwambia Songea. Nilifika lini? Januari. “Wewe, mwalimu, hatuna neno na wewe,” alisema kwa upole, “kaa tu.” Nikakaa. Mimi niliyekuja juzi, nisiyejua hata kuomba maji kwa lugha yao, sikuwa na la kuthibitisha. Kila nilichoandika baada ya siku ile nilikiandika nikiwa bado nimekaa kwenye benchi lile.

Walimwondoa nchini Jumatatu iliyofuata, mchana, kwa gari la kwenda mpakani. Tulikwenda kumuaga pale ofisini, tukiwa na begi lenye nguo na blanketi. Mmoja wa askari waliokuwa wanamsindikiza, ambaye labda alitaka tu kupunguza uzito wa mambo, alimwambia, “Mzee, usihuzunike. Mkataa kwao ni mtumwa.” Baba Haika alimjibu akiwa ameshapanda. “Mimi kwetu sijakukataa, mwanangu. Ligeuzeni gari lipande mlima, muone kama nitakataa.” Upande wa pili wa mpaka, Taveta, walimwomba kitambulisho cha Kenya, naye hakuwa nacho, wala hakujua jina la kijiji alichotoka babu yake. Wakamwacha akae tu, kwa kuwa hawakuwa na pa kumpeleka. Akapata kazi ya kulinda magunia ya mahindi kwenye duka la nafaka, na chumba nyuma ya duka.

Nilikuja kujifunza baadaye kwamba sheria ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia njia ya kufuata uraia wa mumewe. Mwanamume wa kigeni aliyeoa raia hakupewa njia hiyo. Mama Haika, mwenye kihamba na ng'ombe, aliyezaliwa pale na kuzikwa pale, hakuwa na uraia wa kutosha kumgawia mtu. Nimelisema hilo kwenye kumbi nyingi, na nikilisema nakasirika upya, hata sasa nimelazimika kusimama niende nikachemshe chai.

Wiki ile ile wazee walikuja nyumbani na isale. Ni mmea wa majani marefu wanaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, na mtu akikuletea jani lake, amekiri kosa na anaomba amani, na kwa desturi yao halikataliwi. Mzee Ndesario alilitanguliza kwa mikono miwili. Alikuwa amezeeka ghafla. “Mama Haika,” alisema, “mimi nilimsifu tu.” Mama Haika alilipokea. Kisha akawaambia, “Nimewasamehe wote. Sasa lipelekeni na kule ofisini, muone kama nao wanalijua.” Wakanywa chai, wakaondoka. Waliomba mtu mwingine agawe maji, wa ukoo mkubwa zaidi, na kabla ya mvua watu walikuwa wameanza kuviziana kwenye mfongo. Mjane wa Aminieli alifika zamu yake akakuta mfereji mkavu, akakaa ukingoni na ndoo yake. Nilipita hapo nikielekea darasani, kufundisha haki na wajibu wa raia.

Desemba, shule ilipofungwa, Mama Haika aliniomba nimsindikize Taveta siku ya soko. Alikuwa amepika kiburu tangu alfajiri akakifunga kwa majani ya mgomba na kitambaa juu yake. Chumba cha Baba Haika kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, msumari mmoja wa kutundikia koti, na vumbi jeupe la mahindi kila mahali. Alikuwa amekonda. Alikula taratibu, akiangalia ukuta, na mkewe alikaa pembeni yake akimtolea nyuzi za magunia kwenye nywele. Aliuliza habari za ng'ombe, za Haika, za mfongo. Mama Haika akamwambia ukweli kuhusu mfongo, na yeye akaacha kula. Nilitaka kutoka nje, lakini chumba kilikuwa kidogo, na kutoka ningelazimika kuwaruka, kwa hiyo nilisikia yote.

“Twende nyumbani,” Mama Haika alisema. “Watu wanapita porini kila siku, na mahindi, na baiskeli, na ng'ombe wao. Mzee Ndesario amesema atakupokea mwenyewe. Hakuna atakayekuuza mara ya pili.” Baba Haika alimsikiliza. “Nitalala kwangu?” “Utalala kwako.” “Nikisikia gari, nikimbilie migombani.” Mama Haika alimsogezea chakula. “Na maji, nitagawaje? Nikiwa nimejificha?” Alikisogeza kando kile chakula. “Mama Haika, mimi sijawahi kupita mahali kwa wizi. Nikipita porini nitakuwa kile walichoniita, na hapo watakuwa wamesema kweli. Wakinitaka wanifungulie lango nipite mchana.” Hapo ndipo nilipomwona Mama Haika akikasirika kwa mara ya kwanza. “Na mimi je?” aliuliza. “Wewe ulale na heshima yako huku, mimi nilale na nani?” Aliushika mkono wa mumewe akaupiga kwenye goti lake mwenyewe, mara moja, kwa nguvu, halafu hakuuachia. Baba Haika alilia bila sauti, machozi yakateremka na lile vumbi la mahindi usoni. Hakubadili neno lake. Alikaa Taveta miaka yote iliyobaki, na mkewe alimwendea kila alipoweza, mvua au jua, mpaka mzee alipofia kule na kuzikwa kule, kwenye makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua. Wako watakaosema alikuwa mkaidi. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo, kwa hasira, na sijui hata leo nani kati yao alikuwa na haki.

Alasiri ile Baba Haika alitusindikiza mpaka mahali ambapo lango la mpaka linaanza kuonekana, akasimama, akasema hapa panamtosha. Hatukugeuka, maana Mama Haika alikuwa amenikataza. Alitembea mbele yangu, mgongo umenyooka, kitambaa cha chakula kimekunjwa vizuri kwapani. Kwenye lango la kwetu afisa alikuwa amechoka na watu wa soko, akiuliza kila mmoja maswali yale yale bila kutazama uso.

“Mama, unatoka wapi?”

“Nyumbani.”

Afisa aliinua macho. Alimtazama, akatazama njia tuliyotoka nayo.

“Na sasa unakwenda wapi?”

“Huko juu,” alisema Mama Haika. “Kulisha ng'ombe.”